Misalaba Sitini ya Tepu

Surafel alipomfuata Wubalem kantini kumwomba ampigie picha safi za mradi wake wa mwisho, meza nzima iliacha kula ili ione kama msichana atamtemea mate. Hakumtemea. Alimega injera yake, akauliza siku gani na saa ngapi, akasema sawa. Waliokuwepo wakaambizana kwamba amesamehe, na mmoja akamsifu kuwa ana moyo wa kitawa. Moyo wa kitawa, wapi. Kisasi alikiweka kiporo mwaka mzima, na kiporo cha mwaka mzima mtu hakimwagi kwa hasira ya dakika moja.

Niwaambie kwanza alichotendwa, msije mkamhukumu mapema. Mwaka uliotangulia Wubalem alikaa miezi miwili akitengeneza tumbusi anayetua juu ya nguzo ya taa pale Piassa. Tumbusi mwenyewe hakuwepo, alikuwa wa kompyuta, lakini alitua, akakunja mbawa, akageuza shingo, na ukimtazama ungeapa umemwona kwa macho yako. Nukta za picha ile Wubalem alizifuata kwa mkono, moja baada ya moja, mpaka macho yakawa mekundu. Kisha baba yake, mfumaji wa mtaa wa Shiro Meda, akafariki. Msichana akaenda na mama yake Gojjam kuzika, wakakaa huko mpaka arobaini. Aliporudi alikuta tumbusi wake ameshaonyeshwa mbele ya wageni wa chuo, jina la Surafel chini yake, na Surafel ameshapewa zawadi ya kwanza.

Alipolalamika, Surafel alicheka mbele za watu. Akasema ndiyo, Wubalem alimsaidia, alimbebea stendi ya kamera. Tangu siku hiyo darasa zima likamwita Stendi. Stendi njoo, Stendi sogea, Stendi umekula? Mwalimu Gezahegn, mtu mwema lakini mwoga wa ugomvi, alisema bila ushahidi hawezi kumvua mtu zawadi, na kwamba Mungu hasahau. Wubalem alimjibu kwamba hata yeye hasahau. Mama yake, Emama Zenebech, alimwambia waende kwa wazee wa mtaa, wamwite kijana na baba yake, jambo lizungumzwe. Wubalem akakataa katakata. Wazee wale, alisema, wanajua nini kuhusu kompyuta?

Sasa ulikuwa mwaka wa mwisho, na studio moja ya filamu pale Addis ilikuwa imeahidi kumchukua mwanafunzi mmoja tu, yule ambaye mradi wake utawashinda wenzake. Mmoja. Waliobaki wangerudi mitaani kupiga picha za harusi. Chuo kizima kilijua nafasi hiyo ni ya Surafel au ya Wubalem, na wengi walikuwa wameshampa Surafel, kwa sababu mradi wake ulikuwa tembo. Tembo mzima, mwenye makunyanzi na matope magotini, anapita katikati ya watu wa harusi kwenye uwanja wa mtaa, watu wanampisha, bi harusi anamgusa mkonga. Tembo huyo alikuwa mzuri jamani, tusidanganyane. Surafel alikuwa mwizi, lakini mikono alikuwa nayo.

Alichokosa ni subira. Kazi ya namna hii inataka kompyuta ijue kamera ilipita wapi, ilikuwa juu kiasi gani, iligeuka lini. Hilo kompyuta hulijua kwa kushika vitu visivyosogea ndani ya picha na kuvifuata hatua kwa hatua. Ikivikosa, tembo wako atateleza ardhini kama mtu aliyekanyaga sabuni, hata umpake matope vipi. Ndiyo maana kabla watu hawajaingia hupigwa picha safi: mahali patupu, hakuna mtu, hakuna kuku, kamera inapita njia ileile itakayopita baadaye watu wakiwepo. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Surafel kila alipoipiga mwenyewe tembo aliteleza. Zaidi ya hapo, aliutaka uwanja wa chama cha kufa na kuzikana cha Shiro Meda, na wazee wa chama kile hawakumjua yeye ni nani. Wubalem walimjua. Mama yake ndiye aliyekuwa akisimamia sufuria zao kila msiba.

Wubalem akaenda kwa Gashe Demissew, mwenyekiti wa chama, akamwombea Surafel uwanja na watu arobaini wa kutembea kama wageni wa harusi. Gashe Demissew hakutaka hata birr moja. Alisema kwa ajili ya binti wa Zenebech watavaa nyeupe na kuja na ngoma yao.

Wazo la kwanza la Wubalem lilikuwa kuziharibu picha zenyewe. Kamera ile ilikuwa na kitufe cha kutuliza mtikisiko. Ukikiwasha, picha inatoka laini, inapendeza machoni, lakini kompyuta haitajua tena kamera ilikuwa wapi. Surafel angezisifu, angezipeleka nyumbani, na tembo angeteleza mpaka siku ya kiama. Siku mbili Wubalem aliufurahia mpango huo. Siku ya tatu akauacha, kwa sababu watu wangesema nini? Wangesema Stendi hajui kupiga picha. Hapana. Alitaka mtego ambao kazi yake mwenyewe ndani yake haitakuwa na kasoro hata moja.

Mtego aliletewa na Surafel mwenyewe, kwa simu. Aliandika hivi: "Stendi, sakafu ya pale ni saruji tupu, kompyuta haitakuwa na cha kushika. Bandika alama za kujumlisha kama za hesabu, tepu nyeusi, hamsini hadi sitini." Wubalem aliisoma mara tatu akiwa amesimama nje ya duka la nyuzi, na kwa mara ya kwanza tangu arobaini ya baba yake akacheka peke yake.

Mwalimu Gezahegn alikuwa amelisema jambo hili mwanzoni kabisa mwa masomo. Ukutani, alisema, bandikeni mnachotaka. Lakini chini, mahali watu wanapopita, wekeni pembetatu au nukta, msiweke kitu chenye sura ya msalaba, hapa si kwenye zile video zenu za ng'ambo, hapa mtu haukanyagi msalaba. Siku hiyo Surafel alikuwa amekaa nyuma na spika masikioni, akitazama hizo hizo video za ng'ambo. Asiyejua maana haambiwi maana.

Hata hivyo alama ya kujumlisha ni alama ya kujumlisha. Kila mtoto wa shule anaijua, na mzee mmoja mpole angeweza kusema, aa, hizi ni hesabu za watoto, tupiteni. Wubalem aliliwaza hilo jioni ile nyumbani, mama yake akichambua dengu mbele yake, netela yake, ule mtandio mweupe, imeshuka mabegani, kichwa wazi. Akamtazama mama yake usoni. Kisha akachukua tepu, akakata vipande viwili akavipitanisha juu ya kitabu, halafu akakata vingine vinne vidogo sana, akaufunga kila mkono wa alama kwa kijipande kimoja kwenye ncha. Sasa hakuna bibi wa Shiro Meda ambaye angeiita hesabu. Alipoulizwa na mama yake anafanya nini, alisema kazi ya chuo.

Jumamosi alifika uwanjani kabla jua halijapanda. Alifagia mwenyewe. Aliwaomba majirani waanue nguo kambani kwa sababu nguo ikipepea inaidanganya kompyuta, akafukuza kuku, akafunga tawi moja la mkalitusi lililokuwa likicheza juu ya ukuta. Kisha akapiga magoti akabandika misalaba sitini, kila hatua mbili msalaba, kila msalaba na ncha zake nne. Magoti yalimuuma, na maumivu yale aliyafurahia.

Kamera aliifunga kwenye kiti cha magurudumu cha chama. Akapima urefu wake kutoka chini kwa futi ya fundi, akauandika. Akaifunga lenzi kwa tepu isisogee, akaweka mwanga usibadilike wenyewe, akaweka kasi ya kupiga iwe kubwa ili kila kitu kitoke kikali bila ukungu. Kitufe cha kutuliza mtikisiko alikizima, akakihakikisha mara mbili. Halafu akasukuma kiti kwenye mstari wa chaki, polepole, pumzi ameizuia, kutoka lango la chama hadi ngazi za ukumbi. Alirudia mara tano. Hakuna mwanafunzi wa chuo kile aliyewahi kupiga picha safi namna ile. Ungeweza kuhesabu chembe za mchanga.

Surafel alikuja saa mbili na nusu, miwani ya jua usoni, kikombe cha kahawa mkononi, wenzake wanne nyuma. Aliinamia kioo cha kamera akazitazama zile picha, akakunja uso.

"Hizi ncha za nini, Stendi?"

"Kona. Kona zikiwa nyingi kompyuta inashika vizuri."

Surafel akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawaambia wenzake leo Stendi ametumia kichwa, mwaka ujao tutamruhusu ashike kamera. Wakacheka wote. Wubalem naye akacheka, na cheko lake lilikuwa la kweli kuliko la yeyote pale.

Saa tatu watu waliingia langoni. Wanawake na wanaume arobaini, nguo nyeupe, pindo za rangi zilizofumwa na mikono ya mtaa ule, na wa mbele alikuwa Emama Yeshimebet, bibi wa miaka themanini aliyekuwa na wajukuu wake wawili, mmoja kila upande. Ngoma ikaanza. Mama yake Wubalem hakuwa kati yao, alikuwa nyuma ya ukumbi na sufuria, akiwapikia watu chakula cha mchana. Surafel akashika kipaza sauti, akawaambia watembee bila kutazama chini, watazame pale tembo atakapokuwa.

Lakini mtu wa miaka themanini anatembea akitazama anapokanyaga. Emama Yeshimebet alipiga hatua tatu, akasimama. Akavuta netela kichwani, akainama taratibu mpaka chini, akaugusa ule msalaba wa tepu kwa ncha za vidole, akavibusu vidole. Ngoma ikakatika. Waliokuwa nyuma wakachungulia, wakaona, nao wakasimama. Minong'ono ikaanza: nani ameuweka hapo, uko mwingine kule, tazama, wamejaza uwanja mzima.

Surafel hakuelewa. Aliona jua linapanda, mwanga unabadilika, na kila dakika ikipita picha hazitalingana tena na zile safi. Akawaomba watembee. Akawaomba tena kwa sauti ya ukali. Kisha akafanya jambo ambalo Wubalem hata katika ndoto zake tamu hakuwa amelipanga: akaingia katikati ya uwanja, akasimama juu ya msalaba kwa miguu yake miwili.

"Ni tepu tu, mama zangu," alisema ndani ya kipaza sauti. "Tazameni, nakanyaga. Ni tepu." Na akaukanyaga, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Watu arobaini walimtazama kimya, na mmoja wa wale wajukuu akaficha uso kwenye nguo ya bibi yake. Gashe Demissew alitoka kwenye mstari, akatembea kwa kuzungukazunguka ili asikanyage, akamfikia, akamnyang'anya kipaza sauti bila nguvu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mwanangu, toka hapo," akasema. "Ondoka na vyombo vyako."

Wubalem alikuwa amesimama nyuma ya kamera. Roho ilimsuuzika. Aliutazama uso wa Surafel ukibadilika rangi, akautazama mdomo ule uliomwita Stendi ukitafuta neno na kulikosa, akatamani baba yake angekuwepo aone. Haikumjia akilini kwamba baba yake angeanza na kuona misalaba. Wanawake watatu wakapiga magoti, wakaibandua yote sitini, wakaifunga kwenye kitambaa safi wakaipeleka kanisani. Emama Zenebech alipotoka jikoni akifuta mikono, uwanja ulikuwa saruji tupu.

Habari ilifika chuoni kabla ya adhuhuri. Mmoja wa wale wenzake wanne alikuwa amerekodi kwa simu, na kufikia jioni mji ulikuwa unamwona Surafel akikanyaga. Studio ikasema jina lake wanaliondoa kwenye orodha. Baba yake, mtu wa watu, akaambiwa na majirani zake kwamba hili haliishi kwa maneno ya simu, na kweli siku ya nane wakaja Shiro Meda, baba, wajomba wawili, mwalimu Gezahegn, na Surafel mwenyewe akiwa peku, jiwe shingoni, kama ilivyo desturi ya mkosaji anayekuja kuomba msamaha.

Jiwe lile halikuwa la mchezo. Alilibeba kutoka barabarani hadi katikati ya uwanja, ameinama, mikono miwili imelishika kisogoni, jasho linamtoka. Wanachama wote walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya misiba. Wubalem aliketi mbele, mahali pa kuona vizuri. Mama yake aliketi nyuma yake.

Gashe Demissew alimwacha kijana asimame na jiwe lake muda mrefu kabla ya kumuuliza kisa. Surafel akasema hakujua. Akasema ujinga si utetezi, alipaswa kujua, mwalimu alikuwa amesema na yeye hakusikiliza. Akasema lile la kukanyaga ni lake peke yake na analionea haya mpaka sasa. Gashe akauliza ni nani aliyeibandika.

Hapo Wubalem alijiandaa. Alijua Surafel atamtupia yeye, ndivyo alivyo, na jibu lake alikuwa nalo tayari kwenye simu. Lakini Surafel alisema, bado ameinama, "Msichana huyu hana kosa. Alifuata nilichomwandikia." Akamwomba mjomba wake atoe simu mfukoni, asome. Mjomba akasoma: alama za kujumlisha kama za hesabu, tepu nyeusi, hamsini hadi sitini. Neno Stendi aliliruka.

Gashe Demissew akamgeukia Wubalem. "Ni kweli, binti yangu?"

"Ndivyo alivyoniandikia," alisema Wubalem.

Neno hilo lilikuwa la kweli lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kusikia uongo mkubwa kuliko huo. Mwalimu Gezahegn, akitaka kumsaidia kijana, akafungua kompyuta yake awaonyeshe wazee kwamba alama hizi ni kazi tu, hakuna dharau ndani yake. Akaonyesha zile picha safi. Uwanja mtupu, mwanga wa asubuhi, kamera inapita polepole kutoka langoni hadi kwenye ngazi. Wazee wakasogea. Emama Zenebech naye akasogea, akainama juu ya bega la binti yake, na kwa kuwa picha zilikuwa kali, kali kweli kweli kama zinavyotakiwa, aliiona kila ncha ya kila msalaba. Alirudi mahali pake akaketi.

Gashe Demissew akasema Mungu amsamehe, na sisi tumemsamehe, teremsha. Surafel akalitua jiwe. Wanawake wakamletea maji, na Emama Yeshimebet mwenyewe akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Wubalem aliondoka kabla ya chakula. Kumwona adui yako akilishwa tonge si jambo jepesi.

Mama yake alirudi nyumbani jioni akitembea kwa shida, kitu kizito kimefungwa ndani ya netela. Alikiweka chini mlangoni, akafungua. Lilikuwa lile jiwe.

"Zile ncha alikuandikia?" aliuliza.

"Ni kona, mama. Kompyuta inataka..."

"Nimekuuliza kama alikuandikia."

"Hapana."

Emama Zenebech akagusa paji la uso wake. Pale katikati palikuwa na msalaba wa buluu uliochanjwa, mikono minne, kila mkono na kijipande kwenye ncha. "Nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Bibi yako alinishika kichwa, mwanamke mwingine akanichoma sindano tangu asubuhi mpaka nikashindwa hata kulia. Umeutoa hapa, usoni pangu, ukauweka chini ukanyagwe."

"Nilijua hawataukanyaga."

"Mmoja aliukanyaga. Yeye hakujua. Wewe ulijua."

Wubalem akalipuka. Mwaka mzima ulimtoka kwa mara moja: tumbusi, zawadi, kucheka kwao, Stendi, Stendi, na udongo wa kaburi la baba bado haujakauka. Akasema dawa ya moto ni moto. Akasema yule mwizi amepata alichostahili na angemfanyia tena kesho. Mama yake alimwacha amalize.

"Alikuibia. Najua," alisema kisha. "Nilikwambia tuwaite wazee, ukasema hawajui kompyuta. Wanajua wizi. Wangemwita pamoja na baba yake, na jiwe hili angelibeba kwa ajili yako, mbele ya mtaa mzima, na jina lako lingerudi. Sasa amelibeba kwa ajili ya tepu. Ameshalitua, ameshasamehewa, amekula. Wewe umepata nini?"

Mama yake akavuta netela, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaenda kuwasha moto.

Angeweza kwenda kwa Gashe Demissew asubuhi yake akaseme ukweli. Naye alijua. Alijua pia kwamba akienda, habari itafika studio kabla ya adhuhuri, kama ilivyofika ile ya Surafel. Hakwenda. Alifanya mradi wake, kitambaa cha mfumaji kinachoota kutoka kwenye kitanda cha kufumia na kutandazika mtaani juu ya mapaa, na kilikuwa kizuri, na hakikuteleza hata kidole kimoja. Nafasi ikawa yake. Surafel aliambiwa arudie mwaka. Walipokutana koridoni alisema, "Hongera, Wubalem," kwa jina lake kamili, na hilo nalo lilimkera.

Nyumbani jiwe lilibaki palepale. Mama yake alikuwa akimwekea chakula, akimfulia, akimuuliza kama amechoka. Lakini kila Wubalem alipoingia mlangoni, mkono wa mama yake ulikwenda kwenye netela, ukaivuta mpaka kwenye nyusi. Alipotoka, majirani walisema, Emama Zenebech huketi kichwa wazi kama zamani. Wubalem aliwahi kuingia kwa kunyata amkute hajajifunika. Alimkuta amejifunika tayari; alikuwa amemsikia akiliruka jiwe.

Mwezi wa Ginbot studio ilionyesha filamu ya kwanza ambayo Wubalem aliifanyia kazi, na kila mfanyakazi aliruhusiwa kuleta mtu mmoja. Alimleta mama yake, amevaa nguo yake bora, pindo lake lilifumwa na marehemu mumewe. Taa zilizimwa, filamu ikapita, na mwishoni majina yakaanza kupanda. Jina la Wubalem lilikuja peke yake kwenye mstari wake, herufi kubwa nyeupe, hakuna jina la mtu mwingine juu wala chini. Watu walipiga makofi. Alimgeukia mama yake gizani, akaona netela iko palepale kwenye nyusi.

"Umeliona, mama?"

"Nimeliona. Ni zuri," alisema Emama Zenebech. "Jiwe bado liko mlangoni."